Gurudumu Linalocheza: Utunzaji wa Plau, Mkokoteni na Mizani ya Chama

(Maelezo ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bariadi)



Katika mikutano ya vyama vya msingi aghalabu husemwa habari za bei ya pamba, mbegu, dawa za wadudu na malipo. Mambo hayo ni makubwa, na ni haki yasemwe. Lakini liko jambo dogo ambalo ni nadra kuliona katika ajenda ya mkutano, ingawa kila msimu humpokonya mkulima siku zake, jasho lake na pengine hata usalama wa watoto wake. Jambo hilo ni nati iliyolegea.

Na ichukuliwe habari ya mzee mmoja anayetoka nyumbani alfajiri na mkokoteni wa ng'ombe, amepakia pamba aliyoichambua vizuri, safi mbali na fifi mbali. Mwanawe anatembea ubavuni akiongoza maksai. Baada ya mwendo mfupi kijana anasema, "Baba, gurudumu la kushoto linacheza." Mzee anajibu, "Linacheza tangu juzi, mwanangu. Twende tu, kituo si mbali." Kwenye mteremko wa korongo gurudumu linachomoka. Mkokoteni unaangukia upande ule ule aliko kijana. Mungu akijalia, kijana anaruka na kupona. Magunia yanapasuka, na pamba iliyokuwa safi inazolewa pamoja na vumbi na majani makavu. Jioni ile inapokelewa kituoni kuwa fifi, kama itapokelewa. Hasara ya msimu imeletwa na pini moja ya chuma ambayo thamani yake haifikii hata ya kilo moja ya pamba.

Habari kama hiyo si ya kijiji kimoja. Katika Mkoa wa Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012 na hata kabla yake, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wametegemea plau na mkokoteni. Kwa hiyo hapana budi kujua kwa nini vyuma hivi hulegea, namna ya kutafuta mahali penye kasoro, na kazi ya chama katika jambo hili.

Kwa nini nati hulegea

Watu wengi hudhani kwamba bolti hushika kwa sababu nati imefika mwisho. Sivyo. Bolti inapokazwa hunyooka kidogo sana, kama mpira unaovutwa, nayo hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza. Ule mvuto ndio unaovibana vyuma viwili visiteleze. Mvuto ukipungua, vyuma huanza kusuguana; vikisuguana huliwa; vikiliwa mvuto hupungua zaidi. Ndiyo maana kitu kilicholegea kidogo asubuhi huwa kimelegea sana jioni.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani aliyeitwa Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua nati zaidi ni mwendo wa vyuma kuteleza kwa pembeni, kushinda ule wa kuvutwa kufuata urefu wa bolti. Majaribio ya namna hiyo yameonyesha vilevile kwamba washa ya springi peke yake haiizuii sana nati kufunguka. Hili linamhusu mkulima moja kwa moja, kwa kuwa plau husukumwa kwa pembeni na udongo kila hatua, na gurudumu la mkokoteni husukumwa kwa pembeni kila lipitapo kwenye shimo.

Tena safari ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Plau inayokata mfuo wa upana wa sentimita 25 hutembea zaidi ya kilometa 16 ili kumaliza ekari moja. Gurudumu la mkokoteni lenye mzunguko wa meta 2 huzunguka mara 5,000 katika mwendo wa kilometa 10. Kila mzunguko ni mtikisiko, na kila mtikisiko ni jaribio kwa nati.

Udongo nao una sehemu yake. Ardhi ya luseni, kwa mchanga wake, husaga vyuma kama msasa. Ardhi ya mbuga, ikiwa imelowa, hunata na kulemea plau. Ikikauka huwa ngumu na kuigonga. Jua la kiangazi nalo hukausha mbao za mkokoteni zikasinyaa, hata bolti iliyokazwa vizuri wakati wa masika ikaonekana imelegea ilhali hakuna aliyeigusa.

Tazama kabla ya kushika spana

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuchukua spana na kukaza kila nati inayoonekana. Kufanya hivyo huficha kasoro badala ya kuiondoa, na aghalabu huharibu nyuzi za bolti ambayo haikuwa na makosa. Fundi mwenye busara hutazama kwanza.

Dalili ya kwanza ni unga mwekundu wa kutu unaochuruzika kando ya nati au kwenye maungio, mfano wa damu kwenye kidonda. Ya pili ni ukingo unaong'aa pembeni mwa washa, kwa maana chuma kisichosogea hakisuguliwi kikang'aa. Ya tatu ni tundu lililokuwa la mviringo likawa na umbo la yai. Ya nne ni sauti, kwani chombo kilichokazwa hulia sauti moja kikigongwa kwa nyundo ndogo, na kilicholegea hulia kama debe.

Njia nyepesi ya kufuatilia ni alama ya rangi. Baada ya kukaza, hupigwa mstari mmoja mwembamba wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma kilicho chini yake. Siku mstari huo ukionekana umekatika, upande wa nati na upande wa chuma haukutani tena, ni dhahiri nati imezunguka. Hata mtoto wa shule aweza kulikagua jambo hili kabla ng'ombe hawajafungwa nira.

Plau

Malalamiko ya kawaida juu ya plau ni matatu: inazama mno, inakimbilia upande mmoja, au inaruka na kuacha ardhi bila kulimwa. Mara nyingi hulaumiwa ng'ombe au mshika plau. Inafaa kwanza kuchunguza vyuma.

Plau ikizama mno hata maksai wakahema, kwanza litazamwe gurudumu dogo la mbele. Gurudumu hilo ndilo linaloamua kina. Mguu wake umeshikwa kwenye boriti kwa bolti. Bolti hiyo ikilegea, mguu hupanda juu polepole na plau huzama bila mtu kujua. Dawa yake ni kurudisha mguu mahali pake, kusafisha udongo na kutu pale unapobanwa, kisha kukaza. Ikiwa gurudumu lenyewe linayumba juu ya msumari wake ingawa mguu umeshikwa imara, basi kilicholiwa ni tundu la katikati au msumari. Hapo kukaza hakusaidii kitu. Litiwe bushi, au msumari ubadilishwe.

Plau ikikimbilia upande, zichunguzwe bolti za kile chuma kirefu kinachoegemea ukuta wa mfuo, na zile za vishikio. Ikiruka, ichunguzwe ncha inayokata ardhi. Bolti zake zina kichwa kilichozama na shingo ya mraba, na ule mraba ndio unaoizuia bolti isizunguke nati inapokazwa. Tundu la ncha likichakaa, bolti huzunguka pamoja na nati, na mkulima hudhani anakaza kumbe hakazi. Bolti ya namna hiyo haifai kufungwa kwa waya wala kuziwa kwa kitambaa. Ibadilishwe, na ncha ikiwa imeliwa sana nayo ibadilishwe.

Ekari iliyolimwa kwa kina kisicho sawa huota kwa namna isiyo sawa. Na siku mbili zinazopotea kutafuta bolti mjini wakati mvua za kwanza zimekwisha kunyesha hazirudi tena.

Mkokoteni

Mikokoteni mingi ya sasa hutumia ekseli na matairi yaliyotoka kwenye magari makuukuu. Kwa hiyo kasoro zake ni kasoro za gari, na huchunguzwa kwa utaratibu wa gari. Mzigo ushushwe, ng'ombe wafunguliwe, gurudumu moja liinuliwe na mkokoteni uegemezwe juu ya gogo imara, wala si juu ya jeki peke yake. Kisha mtu mmoja alishike gurudumu juu na chini na kulisukuma huku na huku, na mwingine atazame nyuma yake.

Yatakayoonekana ni moja kati ya matatu. Ikiwa gurudumu linacheza lakini kitovu chake kimetulia, nati za gurudumu ndizo zilizolegea. Ikiwa gurudumu na kitovu vinacheza pamoja juu ya ekseli, kasoro iko kwenye beringi. Ikiwa gurudumu, kitovu na ekseli vyote vinasogea pamoja, basi kilicholegea ni vifungo vinavyoishika ekseli kwenye fremu ya mkokoteni. Kila kasoro ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Nati za gurudumu zina upande uliochongoka kama pia. Upande huo huelekea kwenye gurudumu ili ukae katika tundu lake. Hukazwa kwa kuvukana, yaani moja kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo, mpaka zote ziwe sawa. Zikikazwa kwa kufuatana, gurudumu hukaa upande, na baada ya safari ya kwanza zote hulegea. Hata zilizokazwa vizuri hukaguliwa tena baada ya safari hiyo ya kwanza.

Beringi hutaka mkono mwepesi. Nati yake hukazwa huku gurudumu likizungushwa, mpaka lianze kuwa zito. Kisha nati hurudishwa nyuma kiasi cha sehemu ya sita ya mzunguko hadi robo, ili gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza. Ndipo hutiwa pini ya kupasuliwa, na ncha zake hukunjwa. Pini hiyo iwe mpya. Iliyokwisha kunyooshwa na kukunjwa mara kadhaa hukatika, na msumari wa mbao hauwezi kushika nafasi yake. Yule mzee wa mkokoteni alipoteza pamba yake kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa vifungo vya fremu ya mbao, zitumike washa pana, maana washa ndogo huzama ndani ya mbao. Mwanzoni mwa kiangazi, kabla ya kubeba pamba, bolti zote zinazopita kwenye mbao zikazwe upya.

Kiasi cha kukaza

Kukaza mno ni kosa sawasawa na kukaza kidogo. Juu ya kichwa cha bolti nyingi kuna tarakimu. Bolti yenye alama 8.8 ni ya chuma kigumu. Yenye alama 4.6 ni ya chuma laini; na isiyo na alama yoyote ichukuliwe kuwa laini. Bolti ya milimita 12 yenye alama 8.8 huhitaji mkono wa nguvu ya kilo 30 hivi mwishoni mwa spana yenye urefu wa robo meta. Ile ya 4.6 yenye unene huo huo huhitaji chini ya nusu ya nguvu hiyo. Kijana mwenye nguvu akichomeka bomba kwenye spana ili kuirefusha, ataivuta bolti laini mpaka ivuke uwezo wake. Itaonekana imekaza siku hiyo, na kesho yake itakatika.

Mahali penye mtikisiko mkubwa zitumike nati mbili. Ya kwanza hukazwa mpaka mahali pake, kisha hushikwa kwa spana moja isizunguke, na ya pili hukazwa juu yake kwa spana nyingine. Ndiyo sababu chama kinachonunua spana moja tu ya kila namba kimenunua nusu ya chombo. Ipo pia nati yenye pete ya nailoni ndani yake, nayo ni nzuri, ila ikifunguliwa mara nyingi pete huchoka na nati hutupwa.

Mafundi wa baiskeli wanaijua siri nyingine. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina nyuzi zinazokazwa kinyume, kwa sababu mwendo wa mguu upande ule ungeifungua pedali yenye nyuzi za kawaida. Waliotengeneza baiskeli waliuona ubaya huo, wakageuza nyuzi badala ya kumlaumu mpanda baiskeli. Hilo ni funzo hata kwa viongozi wa vyama.

Hata mashine za kisasa

Wapo wanaodhani kwamba shida hii ni ya zana za zamani, na kwamba itakwisha siku mashine za kisasa zitakapoenea. Siku hizi ziko mashine ndogo za kuchonga mbao na plastiki zinazoongozwa na kompyuta, ambazo watu hununua vipande vyake na kuviunganisha wenyewe nyumbani. Kichwa chake cha kuchongea hubebwa na magurudumu madogo ya plastiki yanayokimbia juu ya reli ya alumini. Gurudumu moja likilegea, duara huchongwa kama yai na mistari hujaa mawimbi. Baadhi ya magurudumu hayo hushikwa na nati ambayo tundu lake haliko katikati. Ikizungushwa kidogo, gurudumu husogea karibu na reli au mbali nayo. Hukazwa mpaka gurudumu liguse reli na kuzunguka nayo, lakini bado liweze kuzuiwa kwa vidole. Likibanwa zaidi ya hapo huliwa upesi.

Katika nyingi ya mashine hizo kompyuta hutoa amri tu, wala haina habari kwamba gurudumu limelegea. Itaendelea kuamuru, na mashine itaendelea kuharibu mbao. Dawa yake ni ile ile ya mkokoteni: kutikisa kwa mkono, kutafuta ni kipi kinachosogea, kukaza kwa kiasi, kisha kukagua tena baada ya kazi ya kwanza.

Mizani

Imebaki mizani, nayo ni jambo la heshima ya ushirika wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliweka watu wao wasimame kando ya mizani ya wafanyabiashara ili kuhakiki uzito. Kutokana na juhudi za namna hiyo vilikua vyama vya wakulima, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Kwa hiyo yafaa kusema kwamba ushirika katika nchi hii ya pamba ulizaliwa kando ya mizani. Itakuwa aibu kubwa ukifia papo hapo.

Mizani ya jukwaa yenye magurudumu ikikaa upande kwa sababu gurudumu moja limelegea au sakafu haiko sawa, yaweza kusema uongo. Mizani ya kuning'inizwa nayo yaweza kusema uongo ikiwa ndoano yake imefungwa vibaya, au gunia linagusa nguzo. Upungufu wa kilo moja tu katika kila gunia humnyima mwanachama mwenye magunia 40 kilo 40 nzima. Mwanachama huyo hatasema nati ililegea. Atasema katibu ni mwizi, na hakuna maneno yatakayomshawishi vinginevyo.

Kila asubuhi ya ununuzi, mbele ya wanachama, katibu na ahakikishe kwamba mizani imesimama sawa, imetulia, na mshale uko kwenye sifuri. Kisha jiwe la uzito uliothibitishwa liwekwe katika kila pembe ya jukwaa kwa zamu. Likionyesha uzito tofauti katika pembe moja, ununuzi usimame. Hapa ndipo mipaka ya spana ilipo. Katibu anaruhusiwa kukaza gurudumu na kusawazisha sakafu, lakini asithubutu kufungua lakiri wala kugusa vyuma vya ndani. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibali na Wakala wa Vipimo, wanaoihakiki mizani na kuipiga muhuri.

Wajibu wa chama

Chama chenye nia njema hakihitaji fedha nyingi kutekeleza haya. Kinahitaji spana mbili mbili za namba zinazotumika zaidi, hasa 17 na 19. Kopo la grisi. Brashi ya waya. Kopo dogo la rangi. Na kisanduku cha bolti, nati, washa na pini. Gharama hiyo ipitishwe katika mkutano mkuu na kuandikwa, ili katibu asionekane ametumia fedha za wanachama kwa siri.

Pili, kiwepo daftari la zana. Kila mkokoteni na kila mizani ya chama iwe na ukurasa wake: tarehe ya ukaguzi, kilichoonekana, kilichofanyika, na jina la aliyefanya. Nati ile ile ikiandikwa mara tatu katika mwezi mmoja, daftari lenyewe linasema kwamba tatizo si nati. Ama tundu limeliwa, ama fremu imepinda.

Tatu, mwanachama anayeazima mkokoteni wa chama aukague pamoja na mtunzaji anapouchukua na anapourudisha. Mkokoteni wa watu wote usigeuke kuwa mkokoteni usio na mtu.

Ndugu wanachama, wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ukaguzi ulioelezwa hapa hauchukui hata nusu saa kabla ya safari. Mwana anapomwambia baba yake kwamba gurudumu linacheza, mkokoteni na usimame hapo hapo, mzigo ushushwe, spana itolewe. Pamba itafika kituoni ikiwa imechelewa kidogo, lakini itafika ikiwa safi, na kijana atarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.